Bunduki ya Babu Iliyonuka Ufuta

Haya nayasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu najua kule Ibra yanasimuliwa kila siku na kila anayeyasimulia anatia chumvi yake, na juzi juzi tu nimekutana na mtu Sur, mtu ambaye sijapata kumwona maishani, kanipa mkono, kaniangalia kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa kama bega langu limepona. Bega limepona, alhamdulillahi. Aibu ndiyo ingali mbichi, na kwa kuwa ni aibu yangu basi bora niisimulie mimi, tangu pale nilipofungua mdomo wangu huu, ambao laiti siku ile ningeujaza tende nikanyamaza.

Mimi ni fundi wa mita za umeme hapa Nizwa, Omani, mtoto wa watu waliotoka Tabora (mama kazaliwa kule, mimi nimezaliwa hapa hapa, lakini nyumbani kwetu mpaka leo ukiomba maji kwa Kiarabu unaweza kulala na kiu), na katika kuzunguka na mita zangu ndipo nilipomjua Raya, anayefanya kazi kwenye duka la dawa, na mita ya duka lile sidhani kama kuna mita nyingine iliyopata kukaguliwa mara nyingi namna ile. Mwisho Raya mwenyewe akaniambia, "Salum, mita yetu nzima. Njoo nyumbani na watu wako."

Basi tukaenda Ibra kuposa, mimi, mama, na mjomba wangu mmoja wa kutusindikiza. Kama ilivyo kawaida ya huku, wanaume tukaingia majlisi ya mbele, chumba cha wageni, mama akapelekwa kwa wanawake majlisi ya nyuma, katikati ukuta mmoja tu (ukuta huo muuweke akilini). Baba yake Raya, Ammi Khalfan, ni mtu mrefu, mkimya, macho yake hayana haraka, na ukutani kwake zimetundikwa bunduki saba za kizamani, kwani wao ni watu wa shabaha, kila msimu wa baridi hukusanyika wadini, kwenye bonde la mto mkavu, wakashindana, na kwao mwanamume asiyejua bunduki ni kama asiyejua kuendesha gari. Tukala tende, tukanywa kahawa, maneno yakaenda vizuri, mpaka ndugu yake mmoja Ammi Khalfan, mnene, mpenda mizaha, akanigeukia akaniuliza, wala hakuwa na nia mbaya, "Na nyinyi mliotoka Afrika, bunduki mlikuwa mkizijua, au mlikuwa mkiuza duka tu?"

Sasa jibu la kweli lilikuwapo, tena fupi. Babu yangu mzaa mama, Mzee Seif, alikuwa mwoka mikate Tabora. Boflo asubuhi, mikate ya ufuta jioni, hivyo hivyo mpaka alipokufa, na bunduki hajapata kuishika, na kwa hadithi za mama alikuwa akizunguka njia ya mbali kumkwepa jogoo wa jirani. Ningesema hivyo kungekuwa na ubaya gani? Lakini nikaziangalia zile bunduki saba, nikaziangalia khanjari viunoni mwa wenyewe, nikauona mkate wa babu umekuwa mdogo mno kuuweka mbele ya watu wale, na mara nikaisikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Babu yangu alikuwa akiwinda tembo. Na bunduki yake tunayo mpaka leo."

Mjomba wangu akapaliwa na kahawa. Ammi Khalfan akaweka kikombe chini taratibu.

"Tembo," akasema.

"Naam, Ammi. Tembo."

"Basi itakuwa bunduki kubwa."

"Kubwa sana," nikasema, na hapo bado nilikuwa na nafasi ya kucheka na kusema nilikuwa natania, nikaiacha ikapita.

Akasema, "Vizuri. Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani tuna shabaha wadini. Njoo nayo hiyo bunduki ya babu yako, uje na mama yako pia. Jibu la posa yako nitakupa siku hiyo."

Miezi minne, mchumba mmoja, bunduki hakuna. Njiani kurudi mjomba alikuwa akinitazama tu na kutikisa kichwa, ila mama alikuwa amefurahi, anasema wale wanawake watu wazuri mno, wamezungumza mpaka koo limemkauka, na mna bibi mmoja mle ndani, mama yake mama yake Raya, kikongwe mwenye Kiswahili kitamu. Na mimi, badala ya kuuliza wamezungumza nini na bibi huyo ni wa wapi, nikasema "Inshallah kheri, mama," nikaendelea kufikiria tembo.

Jumamosi yake nikaenda Firq, jirani na Nizwa, kwenye karakana, kwa fundi mmoja aitwaye Hamud, mwenye leseni ya kutengeneza bunduki, mzee mdogo wa umbo anayezungumza na vyuma kuliko anavyozungumza na watu. Nikamweleza ninataka bunduki ya mtutu mpana, ya kuwindia tembo, na ionekane ina umri wa miaka mia. Akaniuliza tembo nimewaona wapi hapa mkoani Dakhiliyah. Nikamwambia yote (kwa fundi na kwa daktari husemi uongo, nilivyokuwa mpumbavu nilidhani orodha inaishia hapo). Akakuna ndevu, akasema kazi anaiweza na kibali tutakiomba, na kweli karatasi zote zilikuwa safi, hilo msinitie hatiani, ila akasema tatizo ni risasi, kwani bunduki ya upana nilioutaka mimi risasi yake haiuzwi popote hapa, itabidi tujitungie ya kwetu.

Jamani, sijui niwaelezeje raha ya miezi ile. Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma namba ukutani, nikawa kila Alkhamisi alasiri nipo Firq, kanzu nimeivua, nimevaa shuka na fulana, nimeshika patasi. Fundi Hamud akachukua maganda ya risasi kubwa za zamani, akayakaza shingo kidogo, akayapanua pengine, akachonga chemba ya bunduki ilingane nayo, kila siku anapima, anaguna, anapima tena, mpaka siku moja akaniwekea mezani kitu cha shaba kirefu kama kidole cha kati, kinono, kinang'aa, akasema, "Hii haimo katika kitabu chochote. Mama yake sisi, baba yake sisi." Tukaipa jina, tukaiita Mzee Seif. Tukatengeneza tano tu. Yeye alitaka tuipunguze ukali, mimi nikasema tembo hapigwi kwa adabu, akanitazama, akasema, "Hata tembo hayupo," lakini akafanya nilivyotaka.

Ikabaki mbao ya kitako. Hamud akasema anataka mti mgumu, mkavu, wa zamani, na mimi nikakumbuka kwamba nyumbani, kwenye stoo, nyuma ya majaba ya maji, kuna ubao mnene wa mninga umeegemezwa ukutani miaka yote, umejaa vumbi, hauna kazi. Nikautia kwenye gari mama akiwa sokoni. Hamud akaupitisha randa mara moja tu, akasimama, akaunusa, akasema mti huu una mafuta ya ajabu. Ilipotoka ile bunduki, wallahi, ilikuwa nzuri mpaka ikanitia huzuni, nyekundu nyekundu, nzito, mtutuni mwake kidole gumba kinaingia. Tukaizeesha kwa chai ya rangi na kwa kuikwaruza, na kila jioni naipaka mafuta ya simsim, ufuta huo huo, nyumbani nikiwa nimejifungia chumbani, na mama anapita mlangoni anauliza nakaanga nini humo ndani.

Siku tuliyoijaribu, Hamud aliifunga kwenye gogo, akaivuta kwa kamba kutoka mbali. Gogo likageuka likatazama upande wa pili. Akaja akaniambia maneno mawili, na maneno haya ninayakumbuka vizuri kwa sababu sikuyafuata: usiipige ukiwa umekaa, na usiipige tumbo likiwa limejaa.

Na Raya, masikini, alijaribu. Akinitumia ujumbe kwenye simu, "Salum, bunduki iache, njoo mikono mitupu, baba atakupenda zaidi." Siku nyingine ananiuliza, "Wewe unapenda mikate?" Nikamjibu napenda kila anachopika yeye. Akaniandikia, "La haula," basi. Nilidhani ni mahaba.

Ijumaa ikafika. Mama tukamwacha nyumbani kwa kina Raya, kwa wanawake, mimi nikapelekwa wadini baada ya sala, nimevaa kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kilemba kipya, khanjari ya kuazima, na bunduki begani ndani ya mfuko wa kitambaa. Wanaume kama thelathini. Magari yamepangwa mstari mmoja nyuma yetu, mikeka imetandikwa, kahawa ipo, tende zipo, na katikati sinia kubwa ya haluwa ya moto moto ya Ammi Khalfan. Shabaha ni kijiwe cheupe kimewekwa mbele ya ukingo wa udongo, mbali, kidogo kama punje ya mchele. Nilipoifungua bunduki watu wakasogea, wakaipitisha mkono kwa mkono, yule ndugu mnene akaingiza kidole mtutuni akasema, "Subhanallah, babu yako alikuwa akiwapiga tembo au akiwaingiza humu ndani?" Nikacheka kama mtu mwenye babu wa kweli. Nikaanza hata kueleza tembo wa mwisho alivyoanguka, upande gani, saa ngapi, na pembe zilikuwa na urefu gani. Ammi Khalfan alikuwa anasikiliza tu.

Mgeni hupiga wa kwanza, na kwao hupigwa watu wamekaa mkekani, mguu umekunjwa, kwani kusimama ni kazi ya watoto. Sasa ningesemaje? Ningesema bunduki ya babu inapigwa kwa kusimama, na mjukuu wa mwinda tembo anaogopa kukaa? Nikakaa. Tena walikuwa wamekwisha kunilazimisha haluwa vijiko vitatu, na sinia lenyewe likawekwa nyuma yangu, hatua moja, ili nikimaliza niendelee. Nikatia Mzee Seif wa kwanza ndani, nikafunga, nikasoma bismillahi, nikakilenga kijiwe, nikavuta.

Mlio sikuusikia, niliuona. Niliona ukingo wote wa udongo kule mbele umesimama hewani, kisha nikaona mbingu, kisha nikaona miguu yangu mwenyewe inapita juu ya uso wangu, kilemba kimekwenda zake, na nikatua kwa matako katikati ya sinia ya haluwa. Moto. Haluwa ya moto inashika, jamani, haikuachii. Na kabla sijapata pumzi ya kulia, magari yote nyuma yetu, yote kwa pamoja, yakaanza kupiga ving'ora, gari kumi na kitu zinalia na taa zinawaka na kuzimika, na wanaume thelathini watu wazima wamesimama wanajipapasa mifuko ya kanzu wanatafuta funguo, huyu kazima, la jirani linaendelea, mwingine kabonyeza vibaya kalizima kisha kaliwasha tena, mbuzi wa watu wamepanda mlima, na mimi nimekaa humo siniani, nimekumbatia mtutu mtupu. Kitako kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Kijiwe cheupe kilikuwa pale pale.

Kuzimika gari la mwisho kulichukua muda mrefu kuliko usaili wangu wa kazi. Ammi Khalfan akainama, akaokota kipande cha kitako, akakigeuza, akakipeleka puani, akavuta.

"Inanuka ufuta," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akanijia mpaka pale niliponata, akachutama mbele yangu, macho yake yale yasiyo na haraka, akaniuliza kwa sauti ya kawaida lakini kila mtu akasikia, "Salum. Babu yako alikuwa nani?"

Bega linawaka, huko chini kunawaka, na nawaambia ukweli, uongo wa pili ulikuwa umekwisha kuja mdomoni, mzuri tu, kwamba babu alikuwa akiihifadhi bunduki kwa mafuta ya simsim. Ungepita. Lakini nikamwona Raya, si kwa macho, kwa moyo, nikamwona ananiuliza kama napenda mikate, na pale pale kwenye sinia akili ikanifunguka, nikaelewa ya kwamba wanajua. Na hata kama wasingejua, nilikuwa nimechoka na tembo.

"Alikuwa mwoka mikate, Ammi," nikasema. "Tabora. Bunduki hakupata kuishika. Hii nimeitengeneza Firq. Nisamehe."

"Siku mliyokuja kuposa," akasema, "wewe ulikuwa mbele unaua tembo, na mama yako yuko nyuma ya ukuta anawasimulia wake zetu mikate ya baba yake. Usiku mke wangu akaniambia, bora kijana huyu, mjukuu wa Seif wa mikate. Nikamwambia mimi nimeletewa mjukuu wa mtu mwingine." Akasimama, akanipa mkono, akanivuta nikabanduka. "Jibu la posa sitakupa mimi. Lipo nyumbani kwa bibi. Nenda ukamwambie maneno haya haya, na vipande hivi uende navyo."

Basi nikarudishwa nimesimama nyuma ya gari la wazi, kwa sababu kukaa kusingewezekana na hata kama kungewezekana nani angeniruhusu kwenye kiti chake, nikapita katikati ya mtaa wa watu nikiwa hivyo. Uani nikamkuta mama, na Raya mlangoni kajifunika mdomo kwa shela, na kikongwe kwenye kiti, Bibi Zamzam, mdogo, macho makali.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

"Marahaba. Geuka." Nikageuka. "Haluwa nzuri hiyo imeharibika," akasema. "Haya sema."

Nikasema yote. Nilipomaliza nikakiweka kipande cha kitako mbele yake, na mama akapiga hatua moja, akakichukua yeye, akakipitisha kidole kwa ndani, pale palipopasuka, kisha akakaa chini kwenye saruji, vivi hivi, na nguo zake za kutokea.

"Salum," akasema, "huu ni ubao wa baba. Ubao wake wa kukandia. Tumetoka nao Tabora, nguo tukaacha."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Yale ya wadini yalikuwa mchezo. Kitu kimoja tu cha babu yangu tulichokuwa nacho duniani, kitu cha kweli, alichokiegemea kila alfajiri, nimekipeleka kwa randa ili nimtengenezee babu mwingine ambaye hakuwapo. Nikalia, sitaki kuficha, mwanamume mzima, na haluwa nyuma.

Bibi Zamzam akanyoosha mkono akapewa kile kipande, akakinusa kama alivyokinusa mkwewe. "Nilikuwa natumwa mikate kwake, huko Tabora," akasema, "ndoo kichwani, sijavunja hata ungo. Kila siku ananikatia kipande cha nyongeza nile njiani, ananiambia usimwambie mama yako. Mtu mwema kabisa, na anamwogopa jogoo." Akanitazama. "Na wewe unamwonea haya huyu?"

"Sasa simwonei, Bibi."

"Unajua kukanda?"

Nikasema najua, kwa sababu najua, mama alinifundisha toka mdogo na nilikuwa nikifunga mlango marafiki wasinione. Bibi akasema kitako kile Hamud akiunge, akipige randa tena, kiwe kibao kidogo, na kila Ijumaa nije nikande mikate ya ufuta mbele yake, na siku atakayosema imekuwa ya Seif ndiyo siku nitakayomchukua Raya nyumbani kwangu. Nikamtazama Raya. Raya akamwambia, "Bibi, akishindwa je?" Bibi akasema, "Basi na wewe mfundishe, visingizio vya mita vimeisha."

Tulifunga ndoa baada ya Ijumaa tisa, kwa huruma ya mama mkwe wangu aliyeingilia kati, si kwa mikate. Risasi tatu zilizobaki Fundi Hamud kazifungua kazitoa baruti, maganda yake nawekea ufuta, na mtutu umetundikwa kwa Ammi Khalfan, wa nane ukutani, na kila mgeni akiuliza ni wa nani huambiwa, nami nikiwapo, tena kwa urefu. Bunduki sishiki tena. Na mtu akiniuliza babu yangu alikuwa nani namjibu kabla hajamaliza swali, mpaka Raya anasema nimezidisha, hata askari wa barabarani nimemwambia. Ijumaa bado tunakwenda Ibra. Nakanda kwenye kile kibao, kina ufa katikati na unga unaingia humo, naoka, nampelekea Bibi mkate wa moto, anakata kidogo, anatafuna taratibu amefumba macho, kisha anasema, "Bado," na ananyoosha mkono nimpe kipande kingine.